Shahamu ya Mwili kwa Uso Uliopungua: Je, Ni Halali, na Njia Ipi Ifuatwe?

Limeletwa katika darsa yetu swali la ndugu mmoja wa Kilindini, na kwa kuwa jambo lenyewe lawahusu wengi walionyamaza, tumeona yafaa lijibiwe kwa maandishi wala si kwa mdomo tu. Ndugu huyu asema kwamba mashavu yake yamedidimia kwa sababu ya dawa aliyoitumia miaka mingi, hata watu humtazama njiani wakaujua ugonjwa wake kabla hajatamka neno. Ameambiwa kuwa wako madaktari wawezao kuitoa shahamu ya tumbo lake mwenyewe, wakaisafisha, kisha wakaipandikiza chini ya ngozi ya uso. Auliza mambo mawili. La kwanza, je, huku si kubadili umbile la Mwenyezi Mungu? La pili, amesikia kwamba shahamu hiyo husafishwa kwa njia mbalimbali, daktari mmoja akisifu mashine na mwingine akisifu kitambaa. Na jamaa zake wako tayari kuuza dhahabu ya mama yao ili apelekwe India kwenye mashine. Je, yampasa kuitafuta njia iliyo bora hata kwa gharama hiyo?

Swali la kwanza maulamaa wamekwisha kulijibu, nasi tutalipita kwa ufupi. La pili ndilo gumu, na aghlabu watu hawalihesabu kuwa ni swali la dini hata kidogo.

Ama kubadili umbile, lililokatazwa ni kuichezea sura iliyo sawa kwa kutaka urembo na kufuata matamanio, kama wale waliotajwa katika hadithi kwa kuchonga meno yao ili waonekane wazuri. Kumrudishia mtu alichopokonywa na ugonjwa, moto au ajali si kubadili umbile, bali ni kulirudia. Hujja yake inajulikana na kila aliyesoma. Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za ujahili, akajifanyia pua ya fedha, ikamnukia vibaya, ndipo Mtume (S.A.W.) akamwamuru ajifanyie ya dhahabu. Na dhahabu kwa mwanamume ni haramu! Ikiwa haja ya uso ilifungua mlango uliofungwa, seuze shahamu ya mtu mwenyewe, ambayo hakuna aliyeiharimisha?

Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1988, iliamua kwamba yajuzu kuhamisha kiungo au sehemu ya mwili wa mtu kutoka mahali hata mahali katika mwili ule ule, madhali faida yatarajiwa kuzidi madhara, na iwe ni kwa kurudisha kilichopotea, au kutengeneza kasoro, au kuondoa ubaya wa sura umtiao mtu dhiki ya nafsi au ya mwili. Na katika kikao cha Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, majmaa hiyo hiyo ilipambanua baina ya upasuaji wa kutibu na upasuaji wa kufuata matamanio tu. Mwenye kutaka kujazwa mashavu kwa sababu ameona picha ya mwigizaji, huyo asilitumie jibu letu, hakuulizwa hapa.

Wako watakaouliza habari ya twahara, kwamba kilichotengwa na kilicho hai huwa kama mzoga. Kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu ya Shafi ni kwamba mwanadamu ni twahara, hai na maiti, na kilichotengwa naye ni hivyo hivyo. Tena waliosoma Minhaji ya Imamu Nawawi katika darsa zetu za Mji wa Kale wanakumbuka mas'ala ya mtu aliyeunga mfupa wake kwa kitu najisi kwa kukosa kilicho twahara, nayo yamhesabu kuwa ana udhuru. Miaka mia saba na zaidi iliyopita mafakihi walikuwa wakijadili upandikizaji, na sisi leo twashtuka kana kwamba jambo hili limeteremka jana na ndege.

Kabla ya kuliendea swali la pili, na tujue ni nyuso za nani tunazozizungumza. Wengi katika hao ni watu waliookolewa na dawa. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zilipoanza kuwafikia watu wengi katika nchi zetu za Afrika Mashariki, katika miaka ya 2000, moja iliyotumiwa sana kwa urahisi wa bei yake ilikuwa stavudini. Iliokoa roho nyingi; lakini kwa baadhi ya watu iliyeyusha shahamu ya mashavu, ya vipaji, ya mikono na miguu, hata uso ukabaki ngozi juu ya mfupa. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe hatua kwa hatua, na dawa zilizo bora zikashika mahali pake. Ila shahamu iliyokwisha kuyeyuka hairudi upesi, na aghlabu hairudi yote. Basi mtu aliyepona akabaki amebeba usoni tangazo la ugonjwa ambao damu yake haiuonyeshi tena ila kwa kipimo.

Wako pia walioungua: mtoto aliyeangukia jiko la makaa, mama aliyerukiwa na mafuta ya kukaangia, fundi aliyelipukiwa na betri, kijana wa bodaboda aliyesagwa uso na lami. Wako waliomwagiwa tindikali kwa chuki. Sote twakumbuka jinsi Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti wa Zanzibar, alivyomwagiwa mwezi wa Novemba 2012. Katika makovu ya namna hii shahamu haijazi tu, bali yasemekana hulainisha. Madaktari wa Italia waliandika mwaka 2008 habari za wagonjwa watatu walioungua nyuso, ambao ngozi yao ngumu ililegea baada ya kutiwa shahamu chini yake. Watatu ni wachache, nasi hatujengi nyumba juu ya watatu. Lakini wengine waliofuata wameona mfano wa hayo.

Katika mji kama wetu uso si jambo dogo. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba. Watu wawili hawapishani ila watazamane na kusalimiana. Mwenye uso ulioharibika hana njia ya nyuma ya kupitia. Wako walioacha sala ya jamaa na kuswali nyumbani, wakasingizia miguu. Wakati wa vita vikuu vya pili Archibald McIndoe alipokuwa akiwatengeneza nyuso marubani walioungua, katika mji mdogo wa East Grinstead huko Uingereza, aliwaomba wenyeji wa mji wawapokee watu wake majumbani na mikahawani bila ya kuwakodolea macho, na mji ukajulikana kwa hayo. Daktari huyo huyo, pamoja na Michael Wood na Tom Rees, ndio walioanzisha mwaka 1957 shirika la madaktari wa ndege la Afrika Mashariki ambalo leo laitwa Amref. Na wote watatu walikuwa wapasuaji wa kutengeneza maumbile. Twaandika hili ili wanaosema kwamba upasuaji wa uso ni anasa ya Wazungu wajue kuwa mambo hayo yana mizizi katika ardhi yetu. Na lile la kutokodoa macho halihitaji daktari wala shilingi moja.

Amesema mwenzetu mmoja katika darsa: je, si hadaa? Mtu ana ugonjwa, ajazwe mashavu, aonekane mzima! Twajibu kwamba shavu lililodidimia si ugonjwa, bali ni alama ya dawa, na hakuna sharia imlazimishayo mgonjwa kuuvaa ugonjwa wake usoni kama kanzu. Aliyesitiriwa na Mungu asijifichue. Illa kuna mahali pamoja ambapo kunyamaza ni ghushi, napo ni pa posa. Anayeoa au kuolewa ana haki ya kuambiwa kwa ulimi yale yatakayomfika mwilini mwake. Haki hiyo ilikuwapo tangu mashavu yalipokuwa yamedidimia, na itabaki yatakapojaa. Ulimi ndio uliokalifishwa kusema kweli, si shavu. Walio na tabia ya kuwachunguza watu nyuso ili wajue nani ana nini, watafute kazi nyingine.

Sasa tulifikie swali la pili. Na halifahamiki mpaka kazi yenyewe ifahamike.

Kuhamisha shahamu si jambo jipya. Mwaka 1893 Gustav Neuber wa Ujerumani aliitoa shahamu ya mkono akaitia katika kovu lililobonyea karibu na jicho, naye akaona kuwa vipande vidogo, visivyozidi ukubwa wa haragwe, ndivyo vinavyoshika. Mwaka 1950 Lyndon Peer wa Marekani alipima shahamu iliyopandikizwa, akaikuta imepungua karibu nusu baada ya mwaka. Baadaye Wafaransa na Wataliani walipozoea kuinyonya shahamu kwa mrija badala ya kuikata kwa kisu, kazi ikawa nyepesi; na katika miaka ya 1990 Sydney Coleman wa New York akaipangia taratibu zinazofuatwa mpaka leo.

Shahamu inyonywayo haitoki peke yake. Hutoka imechanganyika na damu, na maji ya dawa ya ganzi yaliyotiwa kwanza, na mafuta yaliyovuja kutoka katika seli zilizopasuka. Ikitiwa usoni hivyo hivyo, maji hunyonywa kwa siku chache na shavu likarudi lilikokuwa, na mafuta yaliyovuja huuchokoza mwili ukavimba na kuuma. Basi sharti isafishwe; na hapa ndipo walipohitilafiana.

Wako wanaoisimamisha tu katika bomba la sindano mpaka ijitenge yenyewe kwa uzito, kama tui lililolazwa. Hii ni njia ya upole na haina gharama, lakini huacha maji mengi ndani. Coleman aliitia katika mashine ya kuzungusha kwa kasi, mara 3000 kwa dakika, muda wa dakika tatu. Ikatengana tabaka tatu, mafuta juu, shahamu katikati, damu na maji chini, naye akamwaga ya juu na ya chini. Wengine huiosha kwa maji ya chumvi yaliyo safi na kuichuja, ili kuondoa damu na dawa ya ganzi ambayo yahofiwa kuzidhuru seli. Na wengine huimwaga juu ya shashi ya pamba iliyotakaswa, wakaiviringisha polepole mpaka shashi inywe maji na mafuta na shahamu ibaki kama ute wa dhahabu. Kila mama wa pwani ajuaye kazi ya kifumbu ameshaufahamu msingi wa jambo hili.

Ni ipi iliyo bora? Wenye mashine husema kwamba yao huisonganisha shahamu, na kwamba ile iliyo nzito, iliyokaa chini ya tabaka la kati, ina zaidi ya zile seli mama ziwezazo kuzaa shahamu mpya. Wenye shashi hujibu kwamba kasi huzivunja seli, na kwamba zao hutoka zikiwa hai zaidi. Wenye kuosha wana hujja zao. Yamefanywa majaribio mengi katika vyombo, katika panya na katika watu. Na waliozikusanya tafiti hizo na kuzilinganisha wamekariri kusema kwamba hakuna njia moja iliyothibitika kuzishinda nyingine zote. Kiasi cha shahamu ibakiyo chatofautiana katika maandishi yao tangu chini ya robo hata zaidi ya robo tatu.

Na sababu za kutopatana ziko wazi kwa mwenye kutazama. Mmoja huandika kwamba alizungusha mara 3000 kwa dakika asiseme upana wa mashine yake. Nayo mashine pana na mashine nyembamba, zikizunguka mara sawa, hazisukumi kwa nguvu sawa. Mmoja hupima shavu kwa picha, mwingine kwa macho, mwingine kwa mashine ya kuchungulia ndani ya mwili. Mmoja hupima baada ya miezi mitatu, mwingine baada ya mwaka. Kuwalinganisha hawa ni kama kulinganisha pishi ya mtu na kibaba cha mwingine bila ya kujua vina ukubwa gani.

Tena liko jambo ambalo huenda lina uzito kuliko usafishaji wote. Shahamu iliyopandikizwa haina mshipa wake wa damu. Siku za kwanza hupata oksijeni kwa kunyonya kutoka pembeni tu. Watafiti wa Japan walionyesha mwaka 2012, kwa majaribio ya panya, kwamba seli za shahamu zilizopona kwa hakika ni zile za ukingoni, unene usiofika theluthi moja ya milimita. Za ndani zaidi hufa, nyingine zikazaliwa upya mahali pake, na katikati ya bonge hakuna linalosalia. Basi daktari atakayeitia shahamu iliyosafishwa vizuri kabisa katika bonge moja ameipoteza, na aitiaye iliyosafishwa kwa shashi, tone kwa tone, uzi kwa uzi, katika tabaka nyingi, ameihifadhi. Ndiyo ile haragwe ya Neuber. Mkono umeishinda mashine.

Sisi katika gazeti hili tumekuwa tukiwalaumu watu wa misikitini kwa taklidi. Mtu akiulizwa dalili husema, nimewakuta wazee wakifanya hivi. Tumekuta kwamba mahospitalini nako iko. Daktari aliyesomeshwa na mwenye mashine husema mashine. Aliyesomeshwa na mwenye shashi husema shashi. Na kila mmoja huamini kwamba mwalimu wake hakukosea. Hilo peke yake si dhambi, kwani mtu hufanya vizuri zaidi kile alichokizoea mkono wake. Linakuwa dhambi pale anapomwambia mgonjwa kwamba njia yake imethibiti kuwa bora, na hali haikuthibiti, na mgonjwa kwa neno hilo akauza dhahabu ya mama yake.

Na turudi kwa Arfaja, kwani kisa chake kina zaidi ya ruhusa. Hakuanza kwa dhahabu. Alianza kwa fedha, na lau fedha ingalimfaa, angalibaki nayo. Alihamia kwenye dhahabu baada ya fedha kuharibika usoni mwake, kwa kuwa dhahabu haiozi, wala si kwa kuwa ni ya thamani. Kipimo kilikuwa ni yale yaliyomtokea mgonjwa. Ingalithibiti kwamba mashine huhifadhi shahamu na shashi huiozesha, tungalisema uza dhahabu, na jamaa wakusaidie, na watu wa msikiti wachange. Lakini madhali dalili zimelingana, iko kanuni nyingine tuliyopokea kwa Bibi Aisha, kwamba Mtume (S.A.W.) hakuhiyarishwa baina ya mambo mawili ila alichagua lililo jepesi, madhali si dhambi. Dhahabu ya mama ni akiba ya ugonjwa wake mwenyewe na ya uzee wake. Kuiuza kwa ajili ya jina la mashine si wema kwa mgonjwa, na ni dhulma kwa mama.

Wala tusieleweke kuwa twasema njia yoyote kwa mkono wowote. Kazi ya uso ina hatari moja ambayo daktari akiificha amekhini amana: shahamu ikisukumwa kwa nguvu ikaingia ndani ya mshipa wa damu, yaweza kusafiri hata kwenye jicho na kumpofua mtu, au kwenye ubongo. Hutokea kwa nadra, lakini imetokea. Wajuzi hujikinga kwa mrija wenye ncha butu, kwa kusukuma kidogo kidogo, na kwa kuujua ramani ya mishipa. Basi mwenye kutafuta tabibu asiulize kwanza una mashine gani. Na aulize: umefanya nyuso ngapi, na nani amezitazama baada ya mwaka? Utatumia mrija wa namna gani? Kiasi gani wakitarajia kibaki, na ikiwa kitapungua, mara ya pili italipwa na nani? Kwani mara nyingi hurudiwa, mara mbili hata tatu, na mgonjwa aliyeahidiwa mara moja huja kujiona ametapeliwa ingawa kazi ilikuwa nzuri. Aulize pia kama anayo shahamu ya kutosha, kwa maana dawa ile iliyokula mashavu aghlabu ilikula na pengine, na kuna wagonjwa ambao tumbo lao halina cha kutoa.

Daktari asemaye, "Sijui kwa yakini itabaki kiasi gani, lakini hivi ndivyo nilivyoona kwa wagonjwa wangu," huyo ni wa kuaminiwa kuliko aahidiye. Katika wanavyuoni wetu waliotangulia, kusema sijui kulihesabiwa kuwa ni sehemu ya elimu, na Imamu Malik alijulikana kwa kuyasema hayo mbele ya watu waliotoka safari ya mbali kumuuliza. Hatuoni kwa nini mpasuaji awe na heshima ya kuogopa neno ambalo Imamu wa Madina hakuliogopa.

Limebaki swali dogo aliloliongeza ndugu yetu mwishoni mwa barua, nalo ni la udhu na sala katika siku za baada ya upasuaji. Uso huvimba, na madaktari hukataza usisuguliwe wala kukandamizwa mpaka shahamu ishike. Kwa madhehebu ya Shafi, maji yakihofiwa kudhuru mahali, huoshwa palipo pazima, na hutayamamiwa kwa ajili ya pale pasipooshwa. Na penye bandeji hupitishwa maji juu yake kwa wepesi. Katika tayamamu apitishe mkono bila ya kusugua. Na ikiwa shahamu imetiwa kipajini, na daktari amekataza kukiegemea, asujudu kwa ishara kwa kadiri awezavyo kuinama, na sala yake ni sahihi.